Tundu Nililoliziba

Mkono unaoandika maneno haya ni wa mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, naye ndiye ambaye habari hii inamhusu. Mimi sikusoma. Kalamu nimeishika mara chache maishani, na kila mara ilikuwa kwa ajili ya kuchora alama ya msalaba mahali ambapo mwingine angetia saini. Nimemwagiza aandike kama ninavyosema, hata pale nitakapomsema yeye, na hata pale nitakapotaja makosa yangu mwenyewe, ambayo ndiyo mengi zaidi. Ni habari ya kopo moja lenye tundu, na ya siku nne ambazo nusura nimpoteze mtoto huyu.

Kwanza nieleze kazi yangu, kwa kuwa bila kuijua, kosa langu litaonekana kuwa la mtu asiye na akili. Ninaishi Makanyagio, hapa Mpanda, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiziba vyombo vilivyotoboka. Ndoo za plastiki huziziba kwa kisu cha moto: unayeyusha kipande cha ndoo nyingine iliyokufa, unakipaka juu ya ufa kama siagi, kisha unakilaza kwa mgongo wa kisu. Makopo na madebe ya kuhifadhia nafaka huyaziba kwa nta. Sufuria za jikoni sizipokei; wenye sufuria nawaelekeza kwa mafundi wa Kashaulili, kwa sababu nta haivumilii moto na mimi sipendi kumpa mtu kazi itakayomrudisha kwangu akinung'unika.

Nta ninayo ya kutosha. Marehemu mume wangu alikuwa mfuga nyuki kutoka upande wa Inyonga, na alipofariki aliacha gunia lenye madonge ya nta yaliyokauka kama mawe. Huichanganya na masizi ili kiraka kisionekane. Mtu akileta debe lake kwangu, halafu akashindwa kuonyesha mahali nilipoziba, hapo ndipo ninapoona kuwa nimefanya kazi.

Na namna yangu ya kutafuta tundu ni hii. Sijazi maji, kwa maana maji huonyesha tundu kubwa tu, nayo hayapatikani bure. Najifunika kitenge kichwani pamoja na mdomo wa chombo chenyewe, nakielekeza kitako chake kwenye jua, kisha nasubiri macho yazoee giza. Matundu hujitokeza yenyewe, meupe, madogo, kama punje za chumvi zilizomwagika kwenye nguo nyeusi. Nayahesabu, natoka chini ya kitenge, nayaziba. Tangu nilipokuwa msichana nimekuwa nikiwinda vitone hivyo vya mwanga ili niviue. Hata bati la nyumba yangu halina tundu la msumari ambalo sijalipandia ngazi.

Mjukuu wangu alikuja kukaa nami akiwa darasa la nne. Mama yake yuko Karema, kule ziwani, ananunua dagaa kwa wavuvi, anawaanika na kuwapeleka sokoni. Dagaa wakiwa wengi, mikono yote ya nyumba huhitajika mchangani, hata mikono midogo, na mtoto alikuwa akienda shule siku mbili kwa wiki, wiki nyingine haendi kabisa. Nilimwambia binti yangu amlete kwangu asome. Alimleta. Sikumbembeleza mtoto huyo wala sikumdekeza. Nilimpa mkeka wake, sahani yake, na kazi zake za asubuhi, na nilihakikisha hakosi shule hata siku moja. Nilidhani hayo yanatosha.

Akiwa darasa la sita, siku ya Jumanne, alasiri, nilikuwa napanga vyombo kwenye kichanja nikakuta kopo la maziwa ya unga limefunikwa kifudifudi. Kopo lenyewe lilikuwa langu, la zamani, limeshika kutu ya kahawia, ingawa nilikuwa nimemruhusu alichukue. Ndani lilikuwa jeusi kwa moshi. Sikujiuliza kwa nini. Nikafanya nilivyozoea: nikajifunika kitenge, nikaelekeza kitako juani, na katikati kabisa ya kitako nikaona tundu moja, dogo kuliko yote niliyopata kuona, la duara kamili. Nikasikitika kidogo, kwa kuwa kopo lilikuwa bado zima. Nikayeyusha nta kwenye kijiko, nikaongeza masizi na vumbi la kutu ili rangi ilingane, nikadondosha tone moja, nikalisugua kwa kidole gumba mpaka likalala. Nikarudisha kopo mahali pake, kifudifudi kama nilivyolikuta. Sikumwambia. Niliona ni jambo dogo, tena nilijisifu moyoni kwamba nimemtendea wema bila kutaka ashukuru.

Jumatano aliondoka mapema, kopo likiwa kwenye mfuko wake. Aliporudi hakusema shikamoo.

Nilikuwa uani nachambua maharage. Nikamwambia, "Mlango wa nyumba hii siku hizi unaingiwa kimya kimya?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kopo liko wapi?"

Alilitoa kwenye mfuko akaliweka chini mbele yangu, kitako juu. Kwa kucha yake alikuwa amekwangua nta ikatoka nusu.

"Bibi, ni wewe uliyeziba hapa?"

"Ni mimi. Lilikuwa limetoboka."

"Halikutoboka. Nililitoboa mimi."

"Na mtu mwenye akili timamu anatoboaje kopo zima?"

Machozi yalimtoka bila sauti, na mimi, kwa tabia yangu, nikamwambia asilie juu ya maharage.

Habari kamili niliipata kwa vipande. Mwalimu wao wa sayansi alikuwa amewafundisha kutengeneza kamera kwa vitu vya nyumbani. Unachukua kopo, unalitia weusi ndani, unatoboa tundu la sindano kwenye kitako, na mdomoni unafunika karatasi iliyopakwa mafuta. Ukijifunika nguo kichwani na kuelekeza tundu kwenye mwanga, kilichoko nje kinaonekana kwenye karatasi: watu, miti, nyumba. Watoto wanne waliteuliwa waonyeshe darasa zima, na mjukuu wangu alikuwa mmoja wao. Yeye ndiye aliyeanza, kwa sababu alikuwa amesema mbele ya wenzake kwamba la kwake limetoka vizuri kuliko yote. Na kweli lilikuwa limetoka vizuri. Alikuwa amelijaribu Jumatatu na kumwona paka wa jirani.

Akafunga karatasi yake kwa utepe wa mpira, akampa mwalimu. Mwalimu akajifunika, akatazama, akasema haoni kitu. Akapewa mtoto mwingine, giza. Wa tatu, giza. Mwalimu akageuza kopo, akapapasa kitako, hakupata tundu. Akamwambia, "Wewe hukutoboa. Kwa nini unasema umeona?" Mtoto akaapa kwamba alitoboa na aliona. Mwalimu akamwambia aketi, na asirudie kusema uongo darasani.

Yaliyofuata niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe jioni ile, maana watoto wa mtaa walipita nje ya ua wetu wakipaza sauti:

"We, kopo la uji! Njoo utupige picha!"

"Tupige picha ya giza, bwana! Mimi nitasimama katikati!"

"Mimi nitacheka, usinikate meno!"

Nilitoka na ufagio wakatawanyika. Niliporudi ndani nilimkuta mtoto amechukua simu yangu, kitochi changu kile, anazungumza na mama yake. Nilisimama nyuma ya pazia. Si tabia njema, lakini nilisimama.

"Mama, njoo unichukue."

Sauti ya binti yangu ilisikika kama ya nzi ndani ya chupa. "Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Nimechoka huku."

"Bibi kakuchapa?"

"Hajanichapa. Afadhali angenichapa."

"Sasa shule je?"

"Hiyo shule yenyewe sitaki. Nitakusaidia dagaa."

Binti yangu akasema, "Jumamosi kuna gari la dagaa linakuja Mpanda. Nitapanda hilo. Fungasha nguo zako." Hakumkatalia hata kidogo. Dagaa walikuwa wengi, na mikono kule ilikuwa michache.

Usiku huo sikulala vizuri, na sitasema zaidi ya hapo. Nilijua kwamba akienda, hatarudi. Si kwamba mama yake ni mbaya. Ni kwamba mchanga wa kuanikia dagaa haumwachi mtu kirahisi, na mtoto wa kike wa miaka kumi na miwili anayejua kugeuza dagaa ni kitu cha thamani mno pale kupewa daftari. Nilijua pia kwamba ningeweza kumkataza. Ningesimama mlangoni na kusema haendi, na binti yangu, ambaye hata leo ananiogopa, angerudi Karema peke yake. Lakini mtoto angebaki nami kama kuku aliyefungwa kamba mguuni.

Alhamisi aliporudi kutoka shule begi lake lilikuwa tayari limefungwa, limekaa karibu na mkeka. Nilimwambia, "Leta daftari lako la sayansi."

"La nini, bibi?"

"Nisomee hilo jambo la kopo. Polepole, na usiruke neno."

Akasoma akiwa amesimama, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamwambia arudie. Mara ya pili nilimkatiza. Daftari lilisema tundu likiwa dogo na safi, picha huwa kali. Nikamwuliza alitobolea nini. Akasema ncha ya msumari mwembamba, kwa sababu sindano ilivunjika. Nikamwambia kopo ni nene. Msumari ukipita huacha meno upande wa pili, na meno hayo hukwaruza kila kinachopita, hata kama ni mwanga. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Sasa tufanyeje?"

"Tutoboe tundu kubwa, halafu tulizibe."

"Bibi!"

"Nisikilize kwanza. Tutaliziba kwa kiraka chenye tundu."

Tulichukua kopo la soda lililotupwa barabarani, bati lake ni laini kama ganda la kitunguu. Nilikata kipande cha ukubwa wa sarafu kwa mkasi. Nilikilaza juu ya kipande cha sabuni ya mche ili kisipinde, nikachukua sindano yangu ndogo ya kushonea, nikaizungusha polepole kwa vidole bila kuigonga, mpaka ncha ikatokeza upande wa pili. Kisha nikasugua mgongo wa kipande hicho kwenye jiwe la kunolea mpaka meno yakaisha. Kwenye kitako cha kopo nilipigilia tundu la msumari mkubwa pale pale pa zamani, nikakibandika kile kipande kwa nta kukizunguka, nikiwa mwangalifu kuliko nilivyopata kuwa kwa debe la mtu yeyote. Maisha yangu yote kiraka kilikuwa kitu cha kufunga. Vidole vyangu vilikuwa vizito kukubali kwamba hiki ni cha kufungua.

Ndani tuliligeuza jeusi upya. Nililishika kopo kifudifudi juu ya kibatari, mbali na ulimi wa moto ili nta isiyeyuke, moshi ukapanda na kuushika kila upande. Kisha nikajifunika kitenge na kulikagua. Karibu na mshono wa ubavuni nikaona punje mbili za chumvi ambazo mtoto hakuwa amezijua, wala mimi sikuziona Jumanne nilipotazama kitako tu. Nikaziziba. Hizo nilikuwa na haki nazo.

Ikabaki karatasi. Nilichana ukurasa mweupe wa katikati ya daftari, nikaenda jikoni kutafuta mafuta, nikarudi na chupa ya mawese ambayo binti yangu hutuletea kutoka Karema.

Mtoto akasema, "Bibi, hayo ni mekundu."

"Mafuta ni mafuta."

"Itakuwa nyekundu yote."

"Umeambiwa upake mafuta, umeambiwa na rangi yake?"

Alinishikia karatasi kwa adabu, lakini mdomo wake ulikuwa unajizuia. Nilipaka, nikakung'uta, tukafunga karatasi mdomoni mwa kopo kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Tukatoka hadi kwenye upenu, mimi nikaketi kwenye kigoda, nikajifunika kitenge na kuelekeza tundu barabarani.

Kwa muda sikuona kitu. Kisha karatasi ikaanza kuwaka polepole kama mkaa unaopulizwa. Dunia yote ilikuwa na rangi ya mchuzi wa mawese. Na ndani ya mchuzi huo kitu kikapita, kinatikisika, na nilipokitambua nilishtuka nikataka kuvua kitenge: ilikuwa bodaboda, magurudumu juu, na abiria ananing'inia kichwa chini na jogoo mkononi, wala hakuna aliyekuwa akianguka.

"Wamepinduka!" nikasema.

Hapo ndipo nilipomsikia anacheka. Tangu Jumatano hakuwa amecheka. "Ndivyo inavyokuwa, bibi. Na ni wekundu?"

"Wekundu kama dagaa wa kukaanga."

"Nilikuambia."

"Uliniambia. Lete ya alizeti."

Tulibadilisha karatasi. Safari hii nilitazama kwa muda mrefu, na sijui kama nitaweza kumweleza msomaji nilichokiona, kwa sababu kilikuwa ni uani kwa jirani, mahali ninapopatazama kila siku bila kupaona. Nilidhani nitaona vivuli. Nikaona rangi. Beseni la kijani lilikuwa kijani. Kamba ya nguo ilikuwa chini na nguo zimesimama juu yake kama moto, na jirani yangu alitembea kwenye mbingu ya udongo akizianua moja moja. Hakuna sauti, hakuna maneno ya mtu, ni hivyo tu. Na vyote vilipita kwenye tundu moja dogo kuliko mbegu ya mchicha, la aina ile ile niliyokuwa nikiiziba tangu usichana wangu. Ni mangapi yaliyokuwa yakitaka kuingia kwenye madebe ya watu, na mimi nikawa nayafungia nje?

Nilimwuliza kwa nini hupinduka. Alichukua nyasi mbili kavu, akazipishanisha kwenye mdomo wa ile chupa ya mawese. "Mwanga hauwezi kupinda, bibi. Unaotoka juu kwenye kichwa cha mtu unapita hapa ukishuka, unaishia chini. Wa miguuni unapita ukipanda, unaishia juu." Nilizitazama nyasi. Iliyokuwa juu nje ilikuwa chini ndani. Nilielewa, na nilimwambia kwamba nimeelewa; na alipotabasamu niliona kwamba hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo katika nyumba yangu.

Nilidhani basi mambo yamekwisha. Nikasema, "Kesho utalipeleka."

Akafuta mikono. "Limetoka zuri, asante bibi. Lakini sitalipeleka."

"Kwa nini?"

"Mwalimu ameshaniambia mimi ni mwongo. Nikienda na hili, watasema nimetengenezewa, na kweli nimetengenezewa. La kwangu lilikuwa lile la kwanza."

"Sasa unataka nini?"

Alitazama chini. Kisha akasema, kwa sauti ndogo lakini bila kutetemeka, "Nataka wewe uje useme."

"Niseme wapi?"

"Darasani."

Katika malezi niliyolelewa, mkubwa hamwombi mdogo radhi. Akimkosea humpa nyama iliyo nzuri zaidi kwenye sahani, au humshonea nguo, na mtoto hujua. Nami nilikuwa nimekwisha kutengeneza kopo. Zaidi ya hapo, sikuwa nimepata kuvuka lango la shule. Mikutano ya wazazi nilimtuma jirani. Baba yangu aliwapeleka shule kaka zangu, nami nikabaki na wadogo wanne na mama aliyekuwa haamki kitandani. Na tangu wakati huo, kila nipitapo karibu na shule, huharakisha miguu kama mtu anayepita kwenye nyumba yenye mbwa. Nikamwambia, "Nitaona."

Ijumaa asubuhi nilivaa kitenge kizuri, nikapanda bodaboda, na kopo mapajani.

Mwalimu alikuwa binti kijana. Alinikuta nimesimama nje ya dirisha la darasa, nimesimama hapo kwa muda ambao sitautaja. "Shikamoo bibi, karibu. Tukuletee kiti hapa nje?"

"Marahaba. Sikuja kukaa. Nimekuja kusema neno moja mbele ya watoto hawa, kama utaniruhusu."

Niliingia. Watoto wote walisimama kwa kishindo kimoja wakaimba, "Shikamoo bibi!" na mimi nikasahau kuitikia. Nilimtafuta wa kwangu, nikamwona kwenye dawati la nyuma, mikono imefunika mdomo. Nikasema:

"Mimi ni fundi wa kuziba vyombo. Kopo la mjukuu wangu lilikuwa na tundu. Mimi sikusoma, sikujua kwamba tundu ndilo kazi yenyewe. Niliona limeharibika, nikaliziba kwa nta, wala sikumwambia. Alipowaambia ameona picha, alikuwa ameiona. Mtoto huyu hasemi uongo."

Kutoka upande wa wavulana sauti moja ikapasuka: "Bibi kaziba kamera!" Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Mimi sijazoea kuchekwa. Nilikuwa nimegeuka niondoke, ndipo mwalimu alipoinua mkono wakatulia. Hakuzungumza nami. Alimtazama mtoto kule nyuma.

"Nilikuita mwongo mbele ya wenzako," akasema, "nimekosea. Nisamehe."

Alilisema hivyo hivyo, wazi, na dari haikuanguka. Nikatambua kwamba katika maneno yangu yote, niliyokuwa nimeyapanga tangu Makanyagio, hilo halikuwamo. Nilikuwa nimeeleza. Sikuwa nimeomba. Nikageuka tena, na kwa sauti ambayo haikuwa ya kwangu nikasema, "Na mimi, mjukuu wangu. Nimekukosea. Nilipaswa kukuuliza."

Hapa mwandishi wangu amesimamisha kalamu na kuniuliza kama kweli tuyaandike haya. Nimemwambia aandike.

Tulitoka nje wote. Mwalimu alijifunika kwanza, akakaa humo hata watoto wakaanza kusukumana, akatoka akisema kwamba hajawahi kuona lililo na giza safi namna ile, na akaniuliza nimeuzibaje mshono. Nikamwonyesha. Basi wale wengine watatu wakaleta makopo yao, na hata wasioteuliwa wakaleta maboksi. "Bibi, na la kwangu!" "Bibi, mimi nilikuwa mbele yake, muulize!" "Nyie acheni kusukuma, mtamwangusha bibi!" Nilikagua moja moja chini ya kitenge, nikawaonyesha mwanga unapovujia. Yule mvulana aliyepiga kelele kwanza, kamera yake ilikuwa na matundu tisa. Nilimtajia idadi hiyo kwa sauti ya kutosha kusikika.

Lakini tulipokuwa tunarudi nyumbani kwa miguu, mimi na mjukuu wangu, hakusema lolote kuhusu begi, nami sikuthubutu. Tulifika, na begi lilikuwa pale pale.

Jumamosi mchana binti yangu aliingia uani ananuka ziwa, kitenge kimefungwa kiunoni, ana haraka. "Shikamoo mama. Gari linashusha mzigo pale stendi, linageuza saa kumi. Yuko tayari?"

"Marahaba. Kaa kwanza."

"Mama, gari halinisubiri mimi."

Akamwita mtoto, akalinyanyua begi kupima uzito wake. Mimi nilikuwa na maneno mengi tayari mdomoni: kwamba haendi, kwamba mimi ndiye mkubwa, kwamba Karema hakuna atakachosoma isipokuwa mizani. Niliyameza yote. Nikamgeukia mtoto nikasema, "Wewe unataka nini?"

Binti yangu aliweka begi chini. Mtoto alinitazama kuona kama ni mtego. Nilirudia. "Nakuuliza. Ukisema unakwenda, nitakusindikiza stendi. Ukisema unabaki, utabaki. Nakuuliza wewe."

Alikwaruza ardhi kwa kidole cha mguu. "Nitabaki mpaka nimalize la saba," akasema. "Lakini bibi, kitu changu usikiguse bila kuniambia. Na nikikuambia jambo, usiseme kwanza nisilie."

"Nimesikia," nikasema.

Nilidhani binti yangu angekasirika, kwa kuwa alikuwa amepoteza mikono miwili na nauli. Lakini alikuwa ananitazama mimi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyagwa.

"Mimi hukuniuliza," akasema.

Sikujifanya kutoelewa. Baba yake alipougua miguu, nilimtoa shule akiwa darasa la tano ili anisaidie kumwinua na kumgeuza. Nilimwambia asubuhi, na asubuhi hiyo hiyo nikampa sare yake mtoto wa jirani. Alikuwa anapenda hesabu. Hajawahi kulisema jambo hilo kwangu kwa zaidi ya miaka ishirini, nami nilichukulia ukimya wake kuwa ni utii.

"Kweli," nikamwambia. "Sikukuuliza. Nilikukosea."

Neno lile lilikuwa gumu zaidi mbele yake kuliko mbele ya darasa zima. Hakulia wala hakunikumbatia. Sisi si watu wa hivyo. Alifungua kitenge kiunoni, akakifunga upya, akatazama jua lilipofika. Kisha akavuta kigoda akaketi, akamwambia mwanawe aende mbio stendi amweleze dereva kwamba leo asimsubiri.

Alilala kwangu siku mbili, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi ya baba yake. Jumatatu asubuhi mtoto alipotoka kwenda shule, mama yake alimsindikiza. Walikwenda polepole, mtoto akimwonyesha kitu fulani ndani ya daftari la hesabu, na mama yake ameinamisha kichwa anakisoma.